Kuhifadhi Maneno ya Mwisho ya Mashine Pepe

Kompyuta moja huweza kubeba ndani yake kompyuta nyingine kadhaa zisizo na umbo la kushikika. Kila moja huwa na mfumo wake wa uendeshaji, ingawa kumbukumbu na diski huazimwa kutoka kwa kompyuta inayoibeba. Kompyuta ya namna hii huitwa mashine pepe, au mgeni; ile inayoibeba huitwa mwenyeji. Jambo hili lina umri: kampuni ya IBM ya Marekani ilitangaza mfumo wa VM/370 mwaka 1972.

Faida yake ni dhahiri kwa mji kama Mpanda, mkoani Katavi, ambao kwa miaka mingi ulitegemea umeme wa jenereta za dizeli. Ofisi yenye kompyuta moja imara yaweza kuendesha humo hesabu za malipo na orodha ya wagonjwa pasipo kununua mashine mbili na kuzilisha umeme.

Je, mgeni akianguka, chanzo kitajulikanaje? Kwa kawaida mfumo wa uendeshaji huandika matukio yake diskini. Lakini kiini cha mfumo kikishindwa kabisa, aghalabu hakiwezi tena kuandika huko. Maneno yake ya mwisho hutokea kwenye konsoli tu, na mashine iwashwapo upya hupotea.

Msomaji na afikirie treni itokayo Kaliua kwenda Mpanda. Ikipata ajali njiani, daftari la mkuu wa stesheni hubaki salama, kwa kuwa halimo ndani ya treni. Vivyo hivyo, kumbukumbu za mgeni hazina budi kuwekwa nje yake, kwa mwenyeji.

Kazi hiyo ina hatua mbili. Kwanza, mgeni atumiaye Linux huongezewa maneno haya katika maagizo ya kuwashia: console=tty0 console=ttyS0,115200. Sehemu ya kwanza hubakiza habari kwenye skrini. Ya pili huzipeleka pia katika mlango ambao hupitisha biti mojamoja, kwa kasi ya biti 115200 kwa sekunde. Pili, mwenyeji huagizwa kuumwaga mlango huo katika faili. Kwa programu ya QEMU, agizo ni -serial file:mgeni.log. VirtualBox nayo huruhusu mlango huo kuelekezwa kwenye faili.

Hata hivyo, tahadhari tatu zafaa kuzingatiwa. QEMU inapoanzishwa upya kwa agizo hilo, faili la zamani hufutwa. Kwa hiyo linakiliwe kwanza. Aidha, faili lisilopunguzwa huweza kujaza diski ya mwenyeji na kuwaangusha wageni wote. Mwisho, umeme ukikatika, mwenyeji na mgeni huzimika pamoja, na diski ikiharibika kumbukumbu hupotea nayo. Kwa sababu hiyo nakala ya faili na ipelekwe mara kwa mara katika kompyuta nyingine, ikiwezekana iliyo katika jengo jingine.