Je, Wajua? Mama aliyeziba mbingu

Je, wajua kwamba katika hekaya za Wachina, binadamu wa kwanza walifinyangwa na mwanamke? Huyo ni Nüwa, ambaye michoro ya kale humwonyesha akiwa mtu kiunoni kwenda juu na nyoka kwenda chini. Alifinyanga watu kwa udongo wa manjano, mmoja mmoja, hadi kazi ikamchosha. Akachukua kamba, akaiburuta kwenye tope na kuiinua. Matope yaliyodondoka yakawa watu pia. Simulizi hiyo, iliyoandikwa karne ya 2 BK, inadai kwamba matajiri ni wale wa mkono na makabwela ni wale wa kamba. Bila shaka aliyeitunga hakuwa kabwela.

Kitabu cha Huainanzi, cha mwaka 139 KK, kinasimulia nguzo nne za mbingu zilipovunjika. Nüwa aliyeyusha mawe ya rangi tano akaziba mbingu, akakata miguu ya kobe mkubwa kuwa nguzo mpya, na majivu ya matete akayarundika kuzuia mafuriko.

Katika hekaya hizo yupo pia mwanamke mwingine, Jiang Yuan, aliyeshika mimba kwa kukanyaga unyayo wa jitu. Kwa hofu akamtupa mtoto kichochoroni: ng'ombe na farasi wakamkwepa. Akamweka juu ya barafu: ndege wakamfunika kwa mbawa zao. Mwishowe akamchukua, akamlea. Ndiye Hou Ji, bwana wa nafaka, ambaye wafalme wa Zhou walimhesabu kuwa babu yao.