Kwa nini "André" hufika akiwa "André"?

Sekretari wa parokia anatuma kwa barua pepe orodha ya waliobatizwa. Inakopokelewa, "André" amekuwa "André". Wengi hudhani ni virusi. Sivyo. Jina limefika zima, ila mashine imelisoma kwa jedwali lisilo lake.

Kompyuta haitumi herufi, inatuma namba. Jedwali la zamani, ASCII la mwaka 1963, lina namba 128 tu. Zinatosha kwa Kiingereza, na hata kwa Kiswahili chetu, lakini é ya Kifaransa haimo. Kanuni za barua pepe za mwaka 1982 zilijengwa juu ya jedwali hilo.

Baadaye yalikuja majedwali mengine. Katika Latin-1, é ni namba moja: 233. Katika UTF-8, iliyobuniwa mwaka 1992 na Ken Thompson na Rob Pike, é ni namba mbili: 195 na 169. Anayezisoma hizo mbili kwa Latin-1 anaona à na ©.

Mwaka huohuo barua pepe ilipata kanuni ya MIME, inayomwezesha mtumaji kutaja jedwali lake. Lakini itifaki ya maongezi ya IRC, iliyoandikwa mwaka 1993, haikutaja jedwali lolote. Namba zinapita, na mpokeaji anabaki kukisia.

Kuna njia nzuri ya kukisia. Programu ijaribu kwanza UTF-8, bila kulegeza masharti. Humo, namba 195 lazima ifuatwe na namba iliyo kati ya 128 na 191, na maandishi ya Latin-1 ni mara chache yatimize sharti kama hilo. UTF-8 ikikataa, ndipo isome kwa Latin-1. Isigeuze kamwe herufi isiyoijua kuwa alama ya kuuliza na kuhifadhi hivyo, kwa maana hapo herufi imepotea na hairudi.

Nasi tufanye hivi: tukihifadhi orodha, tuchague UTF-8. Tukipokea "André", tusiichape kwenye cheti. Tufungue faili ileile tena na kuchagua UTF-8, na jina litarudi. Cheti kisicholingana na diplome au kadi ya mpiga kura humsumbua mwenyewe miaka mingi, naye hakukosa neno.