Karani wa Wagonjwa

Watu watokao hospitali humshukuru daktari na mwuguzi, lakini karani wa wagonjwa humsahau. Kumbe kazi ya hao wote huanzia mezani kwake. Huandika jina la mgonjwa, la baba yake, umri na mahali atokapo, kisha humpa namba. Maana majina hufanana, namba hazifanani.

Mwaka 2018, katika hospitali moja kubwa ya Nairobi, wagonjwa wawili walichanganywa, na mmoja akapasuliwa kichwa. Madaktari walitafuta damu iliyoganda, wasiione: ilikuwa kichwani mwa mwenzake.

Basi, wasomaji, mwulizwapo jina mara ya pili na ya tatu, msikasirike. Jibuni kwa ukamilifu, na kadi ile itunzeni kama hati ya shamba.