Mwavi wa Waya

Kifungu cha 57 cha Kanuni ya Adhabu ya Kongo, kilichotoka katika dekreti ya 30 Januari 1940, kinaadhibu majaribio ya kishirikina. Maana yake ni kumtia mtu madhara ya mwili, ya kweli au ya kudhaniwa, kwa hiari yake au kwa nguvu, kisha kuyasoma matokeo ili kuamua kama ndiye aliyetenda jambo fulani. Kilicholengwa ni mwavi, kinywaji cha sumu alichonyweshwa mshukiwa, na ndugu zake. Ninakitaja kwa sababu kijana anayetoka Sandoa kwenda Kolwezi kutafuta kazi ya ulinzi au ya depo anaweza siku moja kuwekwa mbele ya jaribio jingine linalousoma mwili, hili lenye waya na kompyuta, na linaloheshimiwa kuliko linavyostahili.

Mwavi ulitengenezwa kwa magome ya miti ya jamii ya Erythrophleum, yenye sumu inayovuruga mapigo ya moyo na kutapisha. Aliyetapika alihesabiwa msafi. Aliyeanguka aliitwa mchawi, na kifo chake kikawa ndio ushahidi. David Livingstone, katika kitabu chake cha mwaka 1857, aliandika kwamba wanawake walioshutumiwa walitaka wenyewe kunywa, kwa kuwa walijijua hawana kosa. Hapo ndipo panaponiuma. Usafi wa mtu ndio uliompeleka kwenye kikombe, na huko ndani kilichoamua ni tumbo lake na ukali wa dawa. Mwenye hila alitafuta njia ya kuelewana na aliyeiandaa.

Mashine ya kupima uongo, poligrafu, iliundwa mwaka 1921 na John Larson wa polisi wa Berkeley, Marekani. Mipira hufungwa kifuani na tumboni kupima pumzi, mkono huvishwa kitambaa cha kupimia presha, na vidole huwekewa vipande vya chuma vinavyopima jasho. Hakuna hata kimoja kinachopima uongo, kwa sababu uongo hauna alama yake peke yake mwilini. Hofu, hasira, aibu ya kushukiwa mbele ya wenzako, usiku wa kutolala: vyote huipandisha mistari ileile.

Ndiyo maana mpimaji hulinganisha. Huuliza swali la kesi, “Uliiba kebo ya shaba?”, na kando yake swali la jumla, “Uliwahi kumdanganya mtu aliyekuamini?” Nadharia inasema asiye na hatia atasumbuliwa zaidi na la jumla, maana karibu kila mtu ana la kuficha, na mwizi atasumbuliwa zaidi na la kebo. Lakini baba wa watoto watano, ambaye mshahara wake wote unategemea swali la kebo, atatishwa na lipi?

Mwizi anayeijua nadharia hiyo hana haja ya kuutuliza moyo kwenye swali la kebo. Anauchochea kwenye lile jingine: anabana vidole vya miguu ndani ya kiatu, anauma ulimi, au anahesabu kimoyomoyo kurudi nyuma saba saba. Charles Honts na wenzake, katika utafiti waliouchapisha mwaka 1994, waliwafundisha mbinu hizo watu waliotenda kosa la kuigiza, na karibu nusu yao walipita. Wapimaji wameweka vihisi kwenye viti ili kunasa msuli unaokazwa. Hesabu ya kichwani haikazi msuli. Mtu mmoja wa Ohio alihukumiwa mwaka 1978 kwa mauaji ambayo hakuyafanya, baada ya poligrafu kumwona mwongo. Akiwa gerezani aliwafundisha wafungwa 27 waliomkiria makosa yao, na 23 kati yao wakaishinda mashine. Aldrich Ames, ofisa wa CIA aliyeiuzia Moscow siri, alipimwa mwaka 1986 na tena 1991, akapita mara zote mbili.

Hata bila hila, hesabu zenyewe zinatisha. Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani lilitoa mfano mwaka 2003: wafanyakazi 10,000, majasusi 10 miongoni mwao. Mashine ikitegwa iwe kali kiasi cha kuwanasa 8 kati ya hao 10, itaangusha watu 1,600 hivi. Wote waliobaki katika idadi hiyo ni watu safi, na majasusi wawili wanaendelea kuja kazini. Tangu mwaka 1988 sheria ya Marekani inawakataza waajiri wengi wa binafsi kuwapima wafanyakazi wao kwa mashine hii, isipokuwa katika hali chache.

Waazande, ambao wengine wao wako kaskazini-mashariki ya nchi yetu, kama alivyoeleza mwanaanthropolojia Evans-Pritchard mwaka 1937, hawakuridhika na jibu moja la benge, sumu waliyowapa kuku. Kuku wa kwanza akifa, wa pili alinyweshwa huku swali limegeuzwa, naye alipaswa kupona ndipo jibu likubaliwe. Mpimaji wa poligrafu hurudia maswali yaleyale kwa mtu yuleyule, mwenye hofu ileile.

Ipo njia yenye msingi bora, aliyoieleza David Lykken mwaka 1959 na inayotumiwa na polisi wa Japani. Humwulizi mtu kama ameiba. Unamtajia mambo kadhaa, moja tu likiwa la kweli, ambalo mhusika pekee angelijua: kebo ilifichwa chini ya mbao, ndani ya pipa, au nyuma ya jenereta? Asiyejua hana sababu ya kushtukia moja kuliko mengine. Aliyejizoeza anaweza kuivuruga hata hii, ila angalau haimwadhibu mtu kwa woga wake. Shida yake kwetu ni redio trotwari: habari ikishazunguka kambini, kila mlinzi anajua kuhusu pipa, na kila mlinzi atashtuka likitajwa. Msimamizi aliyekwisha kutangaza mbele ya timu nzima kilichoibwa na mahali kilipokutwa asimwite mpimaji. Akakague funguo, daftari la depo na zamu za usiku.