Wauguzi wa Bwera: Kazi ya Wawili Wawili

Ndugu wafanyakazi, wako wanaodhani kwamba uuguzi ni sindano na dawa tu. Sisi wa kazi hii twajua kwamba nusu yake ni kuambiana. Neno lisiposemwa kwa wakati, mgonjwa huumia, na mwuguzi pia.

Tukumbuke Juni 2019. Mtoto wa miaka 5 kutoka Kongo alifikishwa Hospitali ya Kagando, wilayani Kasese. Wafanyakazi wa pale walishuku Ebola, wakatoa habari mara moja, naye akahamishiwa kituo maalumu cha Bwera, karibu na mpaka wa Mpondwe. Tarehe 11 Juni maabara ikathibitisha. Mtoto huyo, bibi yake na mdogo wake walifariki. Mwezi wa Agosti msichana wa miaka 9 aligunduliwa pale pale mpakani, naye akafariki. Lakini ndani ya Uganda hakuambukizwa mtu yeyote.

Hiyo haikuwa bahati. Wafanyakazi wa afya karibu 4,700 wa vituo 165 walikuwa wamekwisha kuchanjwa. Tena, katika wadi ya Ebola hakuna aingiaye peke yake. Huingia wawili, kila mmoja akiwa jicho la mwenzake: anamkagua anapovaa, na zaidi anapovua, maana hapo ndipo penye hatari kubwa. Karatasi iliyoingia ndani haitoki. Habari za mgonjwa husomwa kwa sauti, na aliye nje ya ua huziandika. Joto ni kali, na jasho la usoni halifutiki. Mwenzako akisema, "Umechoka, tutoke," mnatoka bila ubishi.

Twauliza: kwa nini utaratibu huo uwe wa siku za Ebola tu? Uchovu wa moyo upo pia katika wadi ya kawaida, usiku, mwuguzi mmoja akiwa na wagonjwa wengi.

Hivyo basi twadai:

1. Zamu ikabidhiwe kando ya kitanda, si mlangoni.

2. Mwuguzi asiachwe peke yake usiku.

3. Baada ya zamu nzito au kifo, wafanyakazi wapewe nafasi ya kukaa na kuzungumza.

4. Asemaye amechoka asiitwe mvivu.

Wazee walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Tuyapeleke madai haya mikutanoni, kila tawi.