Viatu vya Waingereza: kostimu inaanzia ku miguu

Richelieu ao derby? Numero 42 ao 8 na nusu? Ngozi ya kweli ao kartoni iliyopakwa rangi? Mbele ya kutosha makuta mu mufuko, ni vizuri kujua kile unanunua na namna kinapaswa kukaa ku muguu.

Kila siku ya posho, ku komini na ku makanisa, tunaona bwana-arusi amevaa kostimu inayomukaa vizuri, karavati imefungwa sawasawa, lakini anatembea kama mutu anayekanyaga makaa ya moto. Viatu vimemubana. Mwingine, viatu vyake ni vikubwa: visigino vinapiga chini pa, pa, pa, na mbele vimejikunja sawa pua ya mutumbu. Watu wanacheka pole pole. Lakini mambo haya si ya kucheka tu. Makuta imepotea, na muguu unaumia. Kwa mutu mwenye ugonjwa wa sukari, ambaye hasikie tena vizuri maumivu ku vidole, kidonda kidogo kilicholetwa na kiatu kinaweza kuoza na kumufikisha paka ku kukatwa muguu.

Njo maana leo tunaongea juu ya kiatu cha mwanaume cha namna ya Waingereza, kile cha ngozi, cha kamba, chenye soli iliyoshonwa. Hatuongee juu ya majivuno. Tunaongea juu ya kuchagua na kupima.

Weston si Mwingereza

Tuanze na jina, juu wengi wanakosea. Vijana wa Sape, ku Kinshasa na ku Brazzaville, walifanya jina la Weston kuwa kubwa katika Kongo zote mbili. Jina linasikika Kiingereza, lakini J.M. Weston ni kiwanda cha Ufaransa, ku Limoges, kilichoanzishwa na Édouard Blanchard katika mwaka 1891. Mutoto wake Eugène alienda Marekani katika mwaka 1904, ku muji muoja mudogo karibu na Boston, kujifunza namna mupya ya kushona soli. Ule muji unaitwa Weston. Alirudia na ufundi, akarudia na jina pia.

Viatu vya Waingereza, vile vya kweli, nyumba yao ni Northampton na miji midogo inayouzunguka, kaskazini ya London. Kule walikuwa na ng'ombe, walikuwa na maji ya muto Nene, walikuwa na miti ya kutoa maganda ya kulainisha ngozi. Kazi ya viatu iliingia katika damu ya muji paka timu yao ya mupira watu wanaiita kwa jina la mafundi wa viatu. Majina yanayojulikana ni Tricker's (1829), Church's (1873), Crockett & Jones (1879) na Edward Green (1890). Loake iko ku Kettering, Barker iko ku Earls Barton, zote mbili tangu 1880. Leo wenye mali wamebadilika pahali pengine: Church's iliingia katika mikono ya Waitalia wa Prada katika mwaka 1999. Lakini namna ya kushona imebaki ile ile.

Soli inashonwa namna gani

Ile namna inaitwa Goodyear, kwa jina la Charles Goodyear mutoto, Mumarekani. Baba yake njo yule aliyevumbua namna ya kupika mupira kwa moto na kiberiti ili uwe wenye nguvu. Mutoto yeye alijulikana kwa mashine ya viatu.

Fundi anavuta ngozi ya juu katika forma, maana yake ule muguu wa mbao. Nyuma anashona mukanda mwembamba wa ngozi kuzunguka kiatu, na ule mukanda unashika ngozi ya juu pamoja na soli ya ndani. Kisha anajaza katikati na lieji, ile ganda la muti inayofunika chupa ya divai. Mwisho, anashona soli ya chini ku ule mukanda.

Faida yake ni nini? Soli ikiisha, fundi anakata uzi wa chini, anatosha soli, anaweka ingine, bila kugusa ngozi ya juu. Kiatu cha kole, soli ikiachana, unakitupa ao unapiga misumari. Kiatu cha Goodyear kinaweza kubadilishwa soli mara nyingi na kuishi miaka mingi. Ni kweli, kikiwa kipya bei ni kali: ku Uingereza kwenyewe ni mamia ya dola. Lakini vingi vinavyofika kwetu vilikwisha kuvaliwa, na pale bei inashuka. Basi unapaswa kuwa na macho.

Richelieu, derby, boucle

Wauzaji wetu wanatumia majina ya Kifaransa, na ni sawa. Richelieu, ile Waingereza wanaita Oxford, matobo ya kamba yamefungwa chini ya ngozi ya mbele. Ukifunga, pande mbili zinakutana sawa mulango. Ni kiatu cha heshima kubwa: ndoa, kilio, mbele ya tribinali, siku ya kutafuta kazi. Nyeusi bila maua njo inakaa vizuri zaidi na kostimu nyeusi.

Derby, pande zake zimeshonwa juu ya ngozi ya mbele na zinafunguka sawa mabawa. Ni ya kazi za kila siku. Tena inasaidia mutu mwenye muguu munene ao mwenye mugongo wa muguu ulioinuka juu: anafungua kamba kidogo, muguu unapumua. Kama richelieu inakubana pa mugongo wa muguu, usipigane nayo. Chukua derby.

Kiatu cha boucle kinafunga na kifungo cha chuma ku upande. Mocassin haina kitu cha kufunga, njo maana ni kigumu kupima kuliko vyote: ikikuwa kubwa kidogo tu, hakuna kamba ya kuokoa kisigino. Yale matobo madogo yanayofanya maua ku ngozi ni mapambo. Maua yakizidi, heshima ya kiatu inapunguka kidogo, lakini ku biro ni sawa.

Numero inadanganya

Sisi tunahesabu 40, 41, 42 sawa Wafaransa. Kutoka numero moja paka ingine ni milimeta 6 na nusu na kidogo. Waingereza wanahesabu 7, 8, 9, na kati ya moja na ingine ni milimeta 8 na nusu hivi. Hesabu hizi mbili hazikutane sawasawa. 8 ya Uingereza ni karibu 42, 9 ni karibu 43, na kuko nusu katikati. Ya Marekani inapita ya Uingereza na moja hivi: 9 ya Marekani ni karibu 8 ya Uingereza. Mutu asiyeuliza ni numero ya wapi anarudia nyumbani na kiatu cha kaka yake.

Kuko tena upana. Ndani ya kiatu cha Mwingereza utasoma "8 F" ao "8 G". Ile herufi njo upana: E ni nyembamba kuliko F, G ni pana kuliko F. Hapa kwetu wengi wana muguu mupana. Wanafanya nini? Wanapanda numero: mwenye 42 pana ananunua 44. Upana unapatikana, lakini sasa urefu umezidi, kisigino kinatoka, na kiatu kinajikunja pahali pabaya. Dawa ni kubaki ku numero yako na kutafuta G. Mara nyingi pembeni ya herufi kuko namba ya forma, kama 173 ya Church's. Forma moja ikikukaa vizuri, andika ile namba katika telefone yako. Itakusaidia siku ingine.

Kupima: dakika 10, si dakika 1

Enda mangaribi, si asubui. Muguu unavimba katika muchana, na kiatu kilichotosha asubui kinaweza kubana saa 11 ya mangaribi. Vaa soseti zile utavaa na kostimu, si zile nene za mupira.

Vaa viatu vyote viwili na usimame. Karibu kila mutu ana muguu moja mukubwa kidogo. Fuata ule mukubwa. Mudogo utautengeneza na soli nyembamba ya ndani.

Kitu cha kwanza kutafuta si ncha ya vidole, ni ule mufupa unaotokea ku upande, chini ya kidole kikubwa. Pale njo pahali muguu unakunja, na pale njo kiatu kinapaswa kuwa kipana zaidi. Kama mufupa uko mbele ya pale, kiatu ni kifupi hata kama vidole viko na nafasi. Kama uko nyuma, kiatu ni kirefu.

Nyuma angalia vidole. Mbele ya kidole kirefu kunapaswa kubaki nafasi ya sentimeta 1 hivi. Kiatu chenye pua ndefu kinabakisha zaidi, ile si kosa. Lakini kidole kidogo kisisukumwe juu ya mwenzake.

Funga kamba. Ku richelieu mupya, pande mbili zibaki zimeachana kidogo, nusu ya sentimeta ao kidogo zaidi, juu ngozi itafunguka na lieji itashuka chini ya uzito wako. Zikigusana siku ya kwanza, kesho kiatu kitalegea na hautakuwa tena na kitu cha kuvuta. Zikiachana sawa herufi V kubwa, kiatu ni kidogo.

Sasa tembea, na si juu ya tapi tu. Kisigino kikiteleza kidogo sana katika kiatu kipya, si shida: soli bado ngumu. Kikitoka kabisa, acha.

Na neno la mwuzaji, "itafunguka tu, papa"? Ni nusu ya ukweli. Ngozi inafunguka kidogo ku upana. Ku urefu, haifunguke hata siku moja. Kiatu kinachoumiza vidole mu duka kitaumiza vidole ku harusi.

Kile kilichovaliwa tayari

Geuza kiatu. Wengine wanaweka mukanda wa uongo na nyuzi za mapambo, kumbe soli imeshikwa na kole. Angalia kama uzi uko pia chini ya soli, ao kama kuko musitari wa kuuficha. Tia mukono ndani: ukisikia uzi unaozunguka soli ya ndani, ile si Goodyear, ni kushona moja kwa moja, si mubaya, lakini inaingiza maji upesi zaidi.

Soli iliyoisha si tatizo, inabadilishwa. Ngozi ya juu iliyopasuka pale inapokunja, hakuna fundi atakayeiponyesha. Siraji nyingi juu yake ni ya kuficha. Kunja kiatu mbele ya mwanga uone. Tena, angalia ndani: soli ya ndani imeshika sura ya muguu wa mutu wa kwanza. Kama shimo la kidole chake haliangukie pa kidole chako, utatembea katika muguu wa mwingine.

Kutunza

Usivae viatu vile vile siku mbili zinazofuatana. Jasho linahitaji siku moja ya kukauka. Tia mbao za kushikilia sura, na kama hauna, gazeti lililokunjwa. Mvua ikikupiga, kausha mu kivuli, mbali na jua na mbabula: moto unapasua ngozi. Vumbi yetu nyekundu, uitoshe na brosi kila mangaribi mbele ya kupaka siraji. Soli ya ngozi na matope havipatane, basi omba fundi akubandikie mupira mwembamba chini tangu mwanzo. Na utumie kijiko cha kuvalia: mutu anayekanyaga nyuma ya kiatu chake anakiua mwenyewe.

Asiye na makuta ya Northampton asihuzunike. Fundi wa mutaa anayechora muguu wako juu ya karatasi, anayepima upana na mugongo wa muguu, anaweza kukupa kiatu kinachokukaa kuliko jina kubwa la numero mubaya. Jina liko ndani ya kiatu, hakuna anayeliona. Namna unatembea, kila mutu anaiona.