Msitu Ulio Juu ya Mabela

Anayeishi Mabela, pembezoni mwa Maskati nchini Oman, huiona milima ya Hajar karibu kila siku, upande wa kusini, mikavu, ya kahawia, bila dalili ya jani. Ni rahisi kudhani kuwa huko juu ni mawe matupu. Kumbe chini ya saa mbili kwa gari, ukishalipita bonde la Sumail na kuanza kupanda kutoka Birkat al-Mauz, unaingia Jabal Akhdar, eneo lililotangazwa hifadhi ya mandhari asilia mwaka 2011. Huko kuna msitu, na huo peke yake unatosha kumtoa mtu nyumbani kwa siku tatu za kutembea kwa miguu.

Msitu huo umeletwa na mwinuko. Kwa wastani, hewa hupoa kwa nyuzi 6.5 hivi za Selsiasi kila unapopanda mita 1,000. Mabela iko karibu na usawa wa bahari, na uwanda wa Saiq uko mita 2,000 juu yake. Ndiyo maana Julai, watu wa Mabela wanapojifungia ndani kwa joto la nyuzi 43, Saiq watu hukaa barazani, na usiku wa Januari maji yanaweza kuganda. Mvua nayo hupendelea mlima: kwa wastani wa miaka mingi, Saiq hupata takriban milimita 300 kwa mwaka, ilhali pwani ya Maskati hupata kama 100 tu.

Anayepanda kwa miguu huliona badiliko hilo katika miti. Mabondeni kuna migunga na mikunazi. Juu zaidi huanza mizeituni mwitu. Ukifika kama mita 2,100, unakutana na mti ambao Waomani huuita alalan, ambao kitaalamu umezoeleka kama Juniperus excelsa. Mtu wa Arusha au Nyeri ataujua mara moja, kwani ni jamaa wa karibu wa mwangati unaomea Meru na nyanda za juu za Kenya. Usogelee. Gome lake huchunika kwa vipande virefu vyembamba, shina limejipinda, na majani ni magamba madogo yaliyolalia tawi. Vitunda vyake ni vya buluu iliyokoza, vimepakwa nta nyeupe inayofutika kwa kidole. Hukua polepole mno, hata shina nene huweza kuwa na umri wa karne kadhaa.

Mti huu uko taabani. Wanasayansi walioukagua miaka ya 1990 walikuta kwamba juu ya mita 2,400 una afya na unaendelea kuzaa miche. Chini ya hapo, miti mingi ilikuwa imekauka vilele, na miche ilikuwa haba. Ukame na joto vinatajwa, na zaidi ya hayo kuna mbuzi na punda walioachwa huru, ambao hula machipukizi, pamoja na ukataji wa kuni.

Sasa tupige hesabu. Jabal Shams, kilele kirefu kuliko vyote katika safu hii, hakizidi sana mita 3,000. Kutoka mita 2,400 hadi hapo ni mita 600 tu. Joto likipanda kwa nyuzi 2, ubaridi ule ule utapatikana mita 300 hivi juu zaidi, yaani nusu ya ukanda wenye afya itakuwa imeliwa. Tena mlima hupungua upana kadiri unavyopanda, kwa hiyo eneo litakalopotea litazidi nusu. Mti uliozoea baridi hukimbilia juu, na juu ya kilele hakuna pa kukimbilia.

Kwenda kuuona si jambo gumu, ila kunataka busara. Msimu mzuri ni Oktoba hadi Aprili. Lala Saiq usiku wa kwanza ili mwili uzoee, kwani karibu na mita 3,000 kila pumzi hukupa kama asilimia 70 tu ya oksijeni unayoipata Mabela. Kisha elekea Jabal Shams. Kilele chenyewe ni eneo la jeshi, hivyo wapandaji huishia kilele cha kusini kwa njia ya W4, na wengi huchukua hema wakalala njiani. Fuata alama za rangi ya njano, nyeupe na nyekundu zilizochorwa kwenye mawe, na ubebe maji yako yote, maana huko juu hakuna chemchemi ya kutegemea. Usipige hema ndani ya wadi, yaani bonde kavu la mto, hata anga likiwa safi: mvua iliyonyesha mbali hushuka kwa dakika chache na kusomba magari.

Na jioni baridi ikianza kuuma, itakujia hamu ya moto na mishikaki. Chukua jiko la gesi, au makaa kutoka nyumbani na sahani ya chuma ya kuyaweka. Usivunje tawi la alalan, hata lililokauka, kwa sababu miche huhitaji kivuli na unyevu unaobaki chini ya miti mikongwe. Tunaopanda kutoka mjini hatuna uwezo wa kushusha joto la dunia kwa safari moja. Kuacha kuni zilipo tunaweza, na tunawajibika.